Ngoma Haiondoi Maumivu, Huyasogeza

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Juma lililopita nililetewa ujumbe na msikilizaji mmoja wa hapa mjini. Anasema mama yake mzazi anasumbuliwa na mgongo kwa muda mrefu. Jirani amemshauri ampeleke mahali ambapo mgonjwa hulazwa juu ya kitanda chenye spika ndani yake, hufunguliwa muziki mzito, mwili hutetemeka, na maumivu huisha. Bei yake si ndogo. Msikilizaji wetu anauliza: "Ndugu mtangazaji, ni kweli muziki unatibu maumivu, au tunaibiwa?"

Ningeweza kumjibu kwa mkato kwamba yote mawili yanawezekana. Muziki unapunguza maumivu kweli, na mtu anaweza kuibiwa kweli. Lakini jibu la mkato halimsaidii mwenye mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo leo naomba tufuatane mpaka kwetu Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, maana huko ndiko nilikojifunza hiki ninachotaka kukisema.

Anayeijua njia hiyo anajua kwamba ukishaiacha Tukuyu na migomba yake, gari huteremka na kuteremka, masikio yakaziba, na joto likakupokea kabla ya wenyeji. Huko chini ni mpunga, kakao na michikichi. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na chini yake kuna Matema, ambako vyungu vya Wakisi wa Ikombe hufika kwa mitumbwi. Na ukifika siku ya Jumamosi, kabla hujamwamkia mtu, yaelekea utaisikia ing'oma. Nasema utaisikia, lakini si kwa masikio tu. Ile ngoma kubwa hubisha hodi kifuani kwanza, ndipo masikio yakaja kupewa habari.

Sasa nianze na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alikuwa mwimbaji wa kwaya tangu ujana wake, sauti ya pili, na hakuna harusi wala msiba wa pale kijijini ambao hakuuimbia. Mwaka 2011 alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Hospitali aliyopelekwa, ambayo sitaitaja, iliwaambia ndugu kwamba hakuna la kufanya tena, wamrudishe nyumbani wakamtunze. Akarudi na bahasha ya kaki yenye vidonge vya panadol.

Ndugu zangu, panadol kwa saratani iliyofika kwenye mifupa ya nyonga ni sawa na kuzima moto wa nyika kwa kikombe cha chai.

Nilikwenda kumwona. Kila jioni wanawake wenzake wa kwaya walikuja, wakakaa kwenye mikeka, wakaimba. Siku ya kwanza nilifurahi, nikasema hakika utu haujafa. Siku ya pili nikagundua jambo. Shangazi alipoanza kulia kwa maumivu, wale mama walipandisha sauti. Alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kuimba. Mle ndani mlikuwa na wajukuu wadogo, na wale wanawake hawakuwa na dawa yoyote mikononi mwao. Walikuwa na sauti zao tu, na walizitumia kukifunika kilio.

Jumamosi yake ing'oma ilipita barabarani ikielekea kijiji cha pili. Shangazi akaomba atolewe nje. Tukamlaza kwenye mkeka chini ya mwembe. Nikaviona vidole vyake vinagonga ule mkeka taratibu, vinafuata ngoma. Baadaye midomo ikaanza. Haukuwa wimbo wa kanisani, wala hakuwa na nguvu ya kutoa sauti, lakini mwimbaji ni mwimbaji: alikuwa akiitafuta ile sauti yake ya pili. Akakaa hivyo labda nusu saa bila kulia. Nikainama nikamwuliza: "Shangazi, maumivu yameisha?"

Akanijibu: "Hayajaisha, baba. Yamesogea. Yamenipisha kidogo nikae."

Neno hilo, yamesogea, nimelibeba miaka yote hii. Na katika kusoma kwangu nimekuta kwamba wataalamu, kwa lugha yao ndefu, wanakaribia kusema lilelile.

Mwaka 1965 watafiti wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walitoa nadharia iliyobadilisha namna madaktari wanavyoyatazama maumivu. Kabla yao wengi walidhani maumivu ni kama kengele ya mlango: unabonyeza huku, inalia kule. Hawa wawili wakasema sivyo. Katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Habari za maumivu hupita hapo zikielekea kwenye ubongo, zikiletwa na mishipa ya fahamu iliyo myembamba. Lakini mishipa mingine, iliyo minene na yenye kasi zaidi, huleta habari za kuguswa, kusuguliwa na kutetemeshwa. Habari hizi za pili zikiwa nyingi, lango hujifunga kiasi, na maumivu hupita kwa uchache. Tena ubongo wenyewe unaweza kutuma amri kutoka juu, kwamba lango lifungwe au lifunguliwe, kufuatana na hofu, matumaini au mahali akili ilipo.

Baadhi ya mambo ya nadharia ile yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini kiini chake kimesimama. Na mama yeyote alikijua kabla ya Melzack na Wall hawajazaliwa. Mtoto akijigonga kiwiko, mama hufanya nini? Hukisugua, hupuliza, na humwimbia "pole, pole". Kusugua kunapeleka habari kwenye ile mishipa minene. Wimbo na sauti ya mama vinaishusha hofu kutoka juu. Lango linafungwa kutoka pande mbili kwa pamoja.

Sasa itazame ngoma. Sauti yoyote ni mtetemo wa hewa. Sauti nyembamba, kama ya filimbi, hutetemesha hewa mara nyingi sana kwa sekunde, na sisi huipokea kwa sikio. Sauti nene ya ngoma kubwa ina mitetemo michache, na hiyo huipokea ngozi, kifua, tumbo, hata ardhi unayoikalia. Shangazi aliyelala chini ya mwembe alikuwa akipokea ngoma kwa mgongo mzima.

Lakini kuna la zaidi. Vidole vyake vilikuwa vikigonga. Hakuwa msikilizaji, alikuwa mmoja wa wapigaji.

Mwaka 2012 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha majaribio juu ya jambo hili. Walipima kiasi cha maumivu ambacho mtu anaweza kukivumilia, kabla na baada ya muziki. Waliopiga ngoma, walioimba na waliocheza walivumilia zaidi baada ya kufanya hivyo. Waliosikiliza tu muziki hawakupata nguvu hiyo. Maelezo yao ni kwamba mtu anapoimba au kucheza pamoja na wenzake, mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, zinazoitwa endofini, ambazo hufanya kazi kwa njia inayofanana na ya dawa ya morfini. Kwa maneno mengine, muziki unaoushiriki unazidi muziki unaouziwa.

Wazee wetu wa mwambao wa Nyasa hawakuwa na neno endofini, lakini walikuwa na ngoma kwa kila jambo zito. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walistaajabia msiba wa Kinyakyusa. Wanawake walilia, wanaume wakacheza ngoma ya vita mikuki mikononi. Mgeni aliyetoka Ulaya angedhani watu hawa hawana huzuni. Kumbe wenyeji walimweleza Wilson kwamba wanacheza kwa sababu mioyo yao imechafuka kwa majonzi na hofu, na kucheza ndiko kunakoituliza. Hakuna aliyetegemea kwamba ngoma itamfufua marehemu. Ilimwezesha aliyebaki kufika kesho yake.

Vuka mto Songwe pale Kasumulu, uingie Malawi. Upite kwa Wangonde wa Karonga, ambao ni ndugu zetu wa damu, uendelee kusini mpaka kwa Watumbuka. Huko utakuta vimbuza, ngoma ya uponyaji ambayo Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la UNESCO, uliitangaza kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005 na kuiingiza katika orodha yake rasmi mwaka 2008. Mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hukaa kwa mganga majuma au miezi. Wanawake na watoto wa kijiji humzunguka wakiimba, wanaume hupiga ngoma, na mgonjwa huucheza ugonjwa wake. Inaelezwa kwamba vimbuza ilianza katikati ya karne ya 19 ili watu wayamudu machungu ya kuonewa, ikaendelea chini ya utawala wa Mwingereza ingawa wamisionari waliipiga marufuku.

Sisemi haya ili kumwita mtu akaabudu mizimu. Kila mtu na imani yake. Ninachosema ni kwamba penye vimbuza, penye kwaya ya shangazi na penye msiba wa Kinyakyusa kuna jambo moja lisilokosekana: mgonjwa au mfiwa amezungukwa. Maumivu yana tabia ya kumtenga mtu. Mwenye maumivu makali hukaa peke yake hata nyumba ikijaa watu. Wimbo ni kamba anayotupiwa ili avutwe arudi kwa wenzake.

Mpaka hapa, msikilizaji, utadhani nimeshakuwa wakala wa ngoma. Ngoja basi tuweke mizani mezani, maana mwenye duka huonyesha kibaba kilichojaa lakini haonyeshi kitako chake.

Je, muziki hupunguza maumivu kwa kiasi gani? Mwaka 2006 wachambuzi wa mtandao wa kitabibu wa Cochrane walikusanya tafiti 51. Wakakuta kwamba, katika kipimo cha sifuri mpaka 10 ambacho mgonjwa hujitajia maumivu yake, waliopewa muziki walikuwa chini kwa nusu alama. Si alama tano, ni nusu ya alama moja. Wenyewe wakasema nafuu ipo, lakini ni ndogo. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 yenye wagonjwa karibu 7,000 waliofanyiwa upasuaji. Waliosikiliza muziki kabla, wakati au baada ya upasuaji walikuwa na maumivu kidogo zaidi, wasiwasi kidogo zaidi, na walihitaji dawa za maumivu kwa uchache. Hata waliosikilizishwa wakiwa wamelazwa usingizi wa dawa walipata nafuu kiasi. Lakini hawakuruhusiwa kwenda nyumbani mapema kuliko wenzao.

Hizo ndizo habari za kweli. Muziki ni msaidizi mzuri, rahisi, usio na madhara. Ni tandiboi, siyo dereva. Anayemkabidhi tandiboi usukani asishangae gari likiingia mtaroni.

Na vile vitanda vyenye spika? Havikubuniwa na matapeli. Katika miaka ya 1980 mwalimu mmoja wa Norway, Olav Skille, aliyefanya kazi na watoto wenye ulemavu mkubwa, alianza kutumia sauti nene za mitetemo 30 hadi 120 kwa sekunde kuilegeza misuli yao iliyokaza. Tangu hapo njia hiyo imejaribiwa kwa maumivu ya namna mbalimbali. Mwaka 2015 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwatibu wanawake 19 wenye ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima kwa mtetemo wa 40 kwa sekunde, nao wakapata nafuu nzuri. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya jaribio jingine, lenye makundi mawili, moja likipewa mtetemo ule na jingine likipewa mtetemo wa namna nyingine. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti ya maana kati yao haikuonekana.

Tunajifunza nini? Kwamba kulala mahali patulivu, mtu akikuhudumia kwa upole, muziki ukilia na mwili ukibembelezwa, kunapoza. Lakini kwamba ile namba iliyoandikwa kwenye mashine ina siri ya pekee, hilo halijathibitishwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kukikalia kiti cha namna hiyo, jijini Dar es Salaam, kwa kushawishiwa na rafiki. Sitadanganya, nilistarehe. Mgongo wangu, uliochoshwa na miaka ya viti vya studio, ulilegea nikasinzia. Nilipoamka, kijana mwenye mashine akaniambia kwamba kiti kile kinatibu pia presha, kisukari na mawe kwenye figo, na kwamba wateja wake wengi wameshaacha vidonge. Hapo ndipo usingizi uliponitoka. Kunistarehesha alikuwa na haki ya kunilipisha. Kumwambia mwenye presha aache vidonge ni kumchimbia kaburi huku ukimpigia muziki.

Kosa hilo halifanywi na wenye mashine peke yao. Kyela ni nchi ya bonde na maji, na malaria huko ni mwenyeji wa siku nyingi. Mtoto aliyepandwa na malaria kichwani hutetemeka na kukakamaa, tunasema ana degedege. Katika sehemu nyingi za Tanzania wazazi wamezoea kulihesabu degedege kuwa ni jambo la pepo au la ndege wa angani, wakaanza kwa mganga. Kila saa inayopotea ni ubongo wa mtoto unaopotea. Ngoma inaweza kumbembeleza mtoto, lakini haiwezi kumwua mdudu wa malaria. Kwanza zahanati, wimbo baadaye.

Basi nirudi kwa shangazi, maana sijamaliza habari yake.

Majuma kadhaa baada ya ile Jumamosi ya mwembe, muuguzi mstaafu, jirani tu, alimwambia mjomba wangu kwamba kwa maumivu ya namna ile ipo dawa ya morfini ya maji, ya kunywa, na kwamba ziko hospitali zinazoitoa. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Mjomba akasafiri na karatasi zake za hospitali, akahangaika siku kadhaa, akarudi na chupa. Tukaelekezwa kumpa kila baada ya saa nne, bila kungoja alie. Usiku wa kwanza shangazi alilala. Sisi tuliozoea kilio tuliamka kwa hofu, tukadhani amefariki. Kumbe alikuwa akikoroma.

Aliishi majuma matatu baada ya hapo. Kina mama wa kwaya waliendelea kuja, lakini wimbo ulibadilika. Waliimba taratibu, kwa sauti ya chini, kwa sababu hapakuwa na kilio cha kufunika tena. Siku nyingine walinyamaza katikati ili yeye aitie ile sauti yake ya pili. Aliwakosoa hata waliokosea. Jioni moja alisema "ndaga", yaani asante, kwa kila mmoja, akimtaja kwa zamu. Wimbo ule ule, watu wale wale, nyumba ile ile. Kilichoongezeka ni chupa ya dawa, na hiyo chupa ndiyo iliyoupa wimbo nafasi ya kufanya kazi yake.

Hapa ndipo penye uchungu wangu, ndugu zangu. Kwa muda wote wa nyuma tuliwaachia wanawake wale kazi isiyo yao. Tuliiachia kwaya kazi ya duka la dawa. Tunapenda kusifu mila, kusema Mwafrika ana nyimbo, Mwafrika anajua kuvumilia. Sifa hizo ni tamu, lakini zikitumika kuwa kisingizio cha kumnyima mgonjwa dawa, zinageuka kuwa ukatili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa dawa za maumivu ya saratani tangu mwaka 1986, likasema mgonjwa apandishwe hatua kwa hatua, kuanzia dawa za kawaida mpaka morfini, kwa kadiri ya maumivu yake. Jirani zetu Waganda walipata bahati ya daktari Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kutumia morfini ya maji iliyo rahisi kutengenezwa. Tangu mwaka 2004 sheria ya huko inawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikiwapa wagonjwa dawa hiyo. Kwa hiyo si jambo la Ulaya wala la matajiri.

Wapo wanaoiogopa morfini, wakidhani itamfanya mgonjwa kuwa teja au itamwua mapema. Ikitolewa kwa kipimo na mtu aliyesomea, kwa mgonjwa mwenye maumivu makali, humrudishia usingizi, chakula na mazungumzo na watu wake. Waulize wahudumu wako wa afya. Waulize kwa heshima, lakini usiondoke bila jibu. Neno la kusema ni fupi: "Mgonjwa wangu bado ana maumivu, nini kinafuata?"

Sasa msikilizaji wangu mwenye mama mgonjwa wa mgongo, nikujibu wewe.

Kwanza, mpeleke hospitali akapimwe. Na kama mgongo unaambatana na miguu kufa ganzi au kulegea, kushindwa kuzuia haja, homa, kukonda, au maumivu yanayozidi usiku hata akiwa amelala, usingoje Jumatatu.

Pili, akiisha kupimwa, na daktari akisema hakuna hatari, ukitaka kumpeleka kwenye kitanda kile kwa ajili ya starehe, hiyo ni fedha yako. Ila asiende mwenye mimba, mwenye damu iliyoganda mishipani, mwenye mfupa uliovunjika karibuni, wala mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo, mpaka daktari wake aseme. Na siku utakayoambiwa aache dawa zake, mshike mkono mama yako mtoke.

Tatu, na hili halina malipo. Mwulize mama nyimbo alizozipenda alipokuwa msichana. Pengine ni za kwaya, pengine ni za dansi, pengine ni ngoma ya kijijini kwao. Ziweke kwenye simu, kwa sauti ya kadiri, hasa kabla ya mazoezi ya mgongo au kabla ya kulala. Usimfungulie redio kwa kelele ukaenda zako, hata kama ni kipindi changu. Kaa naye. Mwache agonge kidole, mwache aimbe, nawe umwitikie hata kama huna sauti. Na akitaka kimya, mpe kimya, maana nacho ni dawa.

Kule Kyela mwembe ule bado upo. Kila ninapopita chini yake nakumbuka wimbo wa namna mbili: wimbo wa kumfunika mgonjwa tusimsikie, na wimbo wa kumpoza ili tumsikie vizuri. Ninawaomba wenye wagonjwa, na wenye mamlaka ya dawa, tuhakikishe kwamba mgonjwa wetu anaimbiwa ule wa pili.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa tukutane juma lijalo, saa ile ile. Kwaherini.